Askari akifa shujaa, nani humwandikia nishani?

Tarehe 14 Novemba 2018, karibu na Kididiwe katika eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, koplo mmoja wa JWTZ alijeruhiwa vibaya akashindwa kujiondoa. Alikuwa amelala mahali peupe, na risasi za waasi wa ADF zilikuwa hazijakoma. Aliyemfuata hakuwa Mtanzania. Alikuwa Private Chancy Chitete wa jeshi la Malawi, mwenzake katika kile kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa na Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Chitete alimburuta koplo hadi penye kificho, akaanza kumpa huduma ya kwanza, kisha yeye mwenyewe akapigwa. Mtanzania alipona. Mmalawi alikufa.

Mei 2019 mjane wa Chitete alisimama New York akakabidhiwa na Katibu Mkuu António Guterres Medali ya Kapteni Mbaye Diagne, inayotolewa kwa ushujaa usio wa kawaida. Tangu Baraza la Usalama liianzishe mwaka 2014, medali hiyo ilikuwa imetolewa mara moja tu, kwa familia ya Diagne mwenyewe. Katika mapigano yaleyale ya Novemba waliuawa walinda amani wengine, akiwemo Mtanzania. Hao nao walipata medali, lakini si hiyo.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, na kwa kweli si kosa lao. Askari wawili wanakufa vita moja, adui mmoja, wiki moja. Mmoja anapewa heshima ambayo dunia nzima hajawahi kupewa mtu zaidi ya mmoja, mwingine anapewa ile wanayopewa wote. Je, huyu wa pili alikuwa mwoga?

Swali la namna hiyo huibuka hapa Dodoma kila Julai. Usiku wa kuamkia tarehe 25 huwashwa Mwenge wa Kumbukumbu ya Mashujaa, na asubuhi yake gwaride linapangwa, kama ilivyokuwa mwaka 2024 katika Mji wa Serikali Mtumba. Buruji inalia, mizinga inapigwa, na upepo wa Julai wa Dodoma, ule wa baridi yenye vumbi, unawafanya akina mama wa jukwaani wajifunike khanga hadi masikioni. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Mabalozi wanaleta shada la maua. Baada ya hapo viongozi wa dini wanaomba, kila mmoja kwa imani yake, na watu wanatawanyika. Njiani kwenye daladala ndipo utasikia: "Sasa huyu wa kwetu aliyefia Darfur, nishani yake iko wapi?"

Jibu fupi ni kwamba mkuki na ngao vya Mtumba ni vya wote. Havina jina. Nishani ina jina la mtu mmoja, na jina hilo haliandikwi mpaka mtu mwingine aliyekuwa hai aandike kwanza.

Tuanze kwa kutenganisha vitu. Ukienda kwenye mazishi ya ofisa wa JWTZ utasikia wasifu ukisomwa, na mwishoni huja orodha ya nishani: ya Vita, ya Kagera, ya Miaka 20 ya JWTZ, ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, na kadhalika. Mara nyingi jirani aliyesimama nyuma hunong'ona kwamba marehemu alikuwa simba. Huenda alikuwa. Lakini orodha hiyo kwa sehemu kubwa inasema alikuwepo: kwenye vita ile, katika miaka ile, bila doa. Kwa aliyekuwa mpakani mwaka 1978, Idi Amin alipoitwaa Kagera, au aliyeingia Kampala Aprili 1979, kuwepo si jambo dogo. Hata hivyo nishani ya kushiriki haitofautishi aliyeendesha lori la maji na aliyezima bunduki ya adui iliyokuwa ikiwamaliza wenzake. Wote walikuwepo.

Aina ya pili ni heshima ya kufa kazini. Umoja wa Mataifa una Medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kupewa jina la Katibu Mkuu aliyekufa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola, Septemba 1961. Si ya kuning'inizwa kifuani. Ni kipande cha kioo kizito chenye umbo kama la yai, kimechongwa jina la marehemu na tarehe aliyokufa. Hupewa kila mlinda amani aliyefia kwenye misheni, awe alipigwa risasi, alipinduka na gari au aliuawa na malaria. Haiulizi alikufa akifanya nini. Askari saba wa Tanzania waliouawa kwa kuviziwa Darfur Julai 2013 wako kundi hilo. Wako pia wale wasiopungua 14 waliouawa tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, iliposhambuliwa, shambulio ambalo Guterres alilieleza kuwa baya kuliko yote yaliyowapata walinda amani katika miaka ya karibuni.

Aina ya tatu ndiyo hii aliyopewa Chitete. Hapa kufa hakutoshi, na kuwepo hakutoshi. Lazima kuwe na kitendo: kitu fulani alichofanya, mahali fulani, ambacho hakulazimika kukifanya, au alikifanya kupita pale wajibu ulipoishia. Tena lazima kitendo hicho kithibitishwe. Kwa hiyo yule Mtanzania aliyeuawa katika mapigano ya Novemba 2018 hakuhukumiwa kuwa mwoga. Hakuna aliyemhukumu kwa lolote. Heshima aliyopewa haina swali la ushujaa ndani yake, basi.

Sasa, kutunuku marehemu nishani ya kitendo ni jambo tunaloliona la kawaida, kumbe lilikuwa mwiko kwa miaka mingi hata kwa wale waliotuletea utaratibu huu wa nishani za kijeshi. Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza, ulianzishwa mwaka 1856, na marehemu hakuwa na nafasi. Ukifa katika kitendo chenyewe, gazeti la serikali liliandika kwamba ungependekezwa kama ungeishi. Ndiyo hivyo, umekosa kwa sababu umekufa.

Luteni Melvill na Coghill waliuawa Januari 1879 wakijaribu kuiokoa bendera ya kikosi chao baada ya Wazulu kulivunja jeshi la Waingereza pale Isandlwana. Familia zao zilipata sentensi ile ya gazeti na hakuna zaidi. Miaka ishirini baadaye, Desemba 1899, Luteni Frederick Roberts alijeruhiwa Colenso, Afrika Kusini, akafa siku mbili baada ya vita. Yeye alipata Msalaba, kwa sababu kamanda wake alikuwa ameshaandika mapendekezo kabla hajakata roho. Baba yake, tuseme tu, alikuwa Lord Roberts, mmoja wa majenerali wakubwa wa dola hiyo. Watu waliona tofauti. Kelele zikaanza, nishani chache za marehemu wa vita vya Makaburu zikaruhusiwa, na mjane wa Melvill akamwandikia Mfalme Edward VII. Mwaka 1907 familia za Melvill na Coghill zikapewa misalaba yao, miaka 28 imepita. Kanuni yenyewe ilikuja kusema waziwazi kwamba marehemu anastahili mwaka 1920 tu, baada ya Vita Kuu kuua wengi kiasi kwamba kanuni ya zamani ilikuwa imegeuka kejeli.

Nimeikalia historia hii kwa sababu inaonyesha kitu ambacho sherehe hukificha. Nishani ya marehemu ilianza pale walio hai walipokataa kunyamaza.

Shahidi aliyebaki

Mnyororo wenyewe uko karibu sawa katika majeshi mengi. Aliyeona anasimulia. Kamanda wa kombania anaandika: saa, mahali, hali ya adui, nani alifanya nini, na nani mwingine aliona. Karatasi inapanda kwa kamanda wa kikosi, inapanda brigedi, inapanda makao makuu. Kila ngazi inaweza kuipitisha, kuishusha daraja au kuiacha mezani. Mwishoni anayetunuku ni mkuu wa nchi. Kwetu ni Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu.

Ukiutazama vizuri utaona mahali unapokatika. Kama wote walioona walikufa, hakuna wa kusimulia. Askari wa mwisho kwenye handaki, aliyebaki akifyatua ili wenzake waondoke, wenzake wakauawa mbele kidogo, huyo hana nishani na hatakuwa nayo. Ushujaa wake unaweza kuwa mkubwa kuliko wa wote waliowahi kutunukiwa. Ndiyo maana shambulio la kuviziwa, kama la Darfur, huacha nishani chache za kitendo: dakika chache, vumbi, magari yanawaka, na waliopona wako hospitali. Chitete alikuwa na wenzake waliorudi hai wakijua alichofanya, na aliyeokolewa naye alikuwa hai.

Hata shahidi akiwepo, inategemea kamanda anajua kuandika, ana muda, na aliipata habari nzima kabla ya kuandika. Marekani kuna kisa cha Sajini Alwyn Cashe. Oktoba 2005, huko Iraki, gari lao la deraya lililipuliwa likashika moto. Cashe, nguo zikiwa zimelowa mafuta, alirudi tena na tena ndani ya moto akawatoa askari wake. Alikufa kwa majeraha ya moto Novemba 8. Kamanda wake alimpendekeza kwa nishani ya ngazi ya tatu, kisha habari zaidi za waliookolewa zilipomfikia akaona ameandika pungufu, akatumia miaka kukusanya maelezo ya mashahidi. Shida nyingine ikawa muda: kule sheria iliweka miaka mitano, baada ya hapo Bunge lao lazima lipitishe sheria ya kuondoa kikomo kwa mtu huyo mmoja. Mjane wa Cashe alipokea Medali ya Heshima tarehe 16 Desemba 2021. Miaka 16, na hapo kamanda mwenyewe alikuwa upande wake.

Majina matatu yaliyokosekana

Kipo kisa kingine kilicho karibu zaidi nasi, na mimi ndicho kinachonikera.

Mwaka 1941, katika kampeni ya kuwatoa Waitaliano Ethiopia, kikosi cha 1/6 cha King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, kilivuka mto Billate pale Colito. Batalioni ya 6 ya KAR ilikuwa batalioni ya Tanganyika. Tarehe 19 Mei, askari wakiwa wamejishikiza ng'ambo, vifaru vya adui vikaja. Sajini Nigel Leakey, mlowezi kutoka Kenya, aliruka juu ya kifaru kimoja, akafungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga waliomo na kumwacha dereva tu, akamlazimisha aendeshe hadi mafichoni. Mzinga wa kile kifaru ukakataa kufanya kazi. Basi akatoka tena kwa miguu kuvinyemelea vifaru vingine. Akaviacha viwili vipite, akarukia cha tatu, akafungua mfuniko, na kifaru cha nne kikamwangusha kwa bunduki ya rashasha. Mwili haukupatikana. Jina lake limeandikwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, Nairobi. Msalaba wa Victoria ulitangazwa Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye.

Sina ugomvi na Leakey. Mtu anayerukia kifaru mara mbili kwa siku moja anastahili chochote watakachompa. Ila soma yale maelezo rasmi ya tuzo. Yanasema kwamba alipotoka kwa miguu kuvinyemelea vifaru, hakuwa peke yake. Alikuwa na sajinimeja wa kombania Mwafrika na askari wengine wawili. Walivuka uwanja uleule uliokuwa ukifagiliwa na risasi zilezile. Maelezo hayawataji majina. Ni "sajinimeja" na "askari", na hadithi inaendelea.

Hakuna Mwafrika wa KAR aliyewahi kupata Msalaba wa Victoria, katika vita zote mbili za dunia. Kwa miaka mingi askari Waafrika walikuwa hata na toleo lao tofauti la nishani ya mwenendo bora vitani, lililoandikwa jina la KAR, kando na lile la askari wa Kiingereza. Ukiunganisha hilo na mnyororo tuliouona, jibu linajileta. Aliyeandika alikuwa ofisa Mzungu, kwa Kiingereza, kwa wakubwa Wazungu, na alimwona vizuri zaidi yule aliyefanana naye. Pengine hata hakukusudia ubaya.

Na hao angalau walikuwa na namba za jeshi. Rudi nyuma mpaka vita ya kwanza, hapahapa katikati ya nchi. Aprili 1916 majeshi ya Waingereza na Makaburu chini ya van Deventer yaliingia Kondoa. Mei Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakashambulia usiku wakashindwa kuirudisha. Mwisho wa Julai Dodoma na reli yake ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Pande zote mbili zilikula chakula cha Wagogo, zikachukua ng'ombe wao, zikawachukua vijana wao kubeba mizigo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake, katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, wanakaribia laki moja, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Kisha mvua zikakosekana, ikaja ile njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mpagazi aliyemrudia mwenzake aliyeanguka njiani, akagawana naye uji, wakafa wote, nani angeandika? Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 kwa ajili yao wote. Ni kama mkuki na ngao vya Mtumba: kwa wote, bila jina.

Kwa hiyo mtu akisema nishani zinaonyesha nani walikuwa mashujaa, namkatalia. Zinaonyesha mashujaa walioonwa na mtu mwenye kalamu, wakati ambao kanuni iliruhusu, na ambao karatasi zao hazikukwama. Wapo wengi na wanastahili. Lakini huwezi kugeuza kauli hiyo ukasema asiye na nishani hakuwa shujaa.

Mbaye Diagne mwenyewe ni ushahidi. Kapteni huyu wa Senegal alikuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali mwaka 1994, hana silaha. Kwa siku za mauaji alipita vizuizi vya Interahamwe, wanamgambo waliokuwa wakiua Watutsi, akiwa na watu wamejificha kwenye gari, kwa utani, sigara na ubishi, akiokoa mamia, kinyume cha maagizo aliyokuwa nayo. Tarehe 31 Mei kipande cha kombora kilimuua kizuizini. Umoja wa Mataifa, uliomwagiza asiingilie, ulichukua miaka 20 kuanzisha medali yenye jina lake na mingine miwili kuifikisha kwa familia yake. Kuna watu wanaona hiyo ni heshima kubwa. Mimi naona pia ni taasisi inayolipa deni lake polepole sana.

Inapofika nyumbani

Linalobaki ni la kifamilia, na ndilo linaloulizwa zaidi kuliko yote.

Nishani siyo mafao. Fidia ya kifo kazini, pensheni ya wategemezi na malipo ya Umoja wa Mataifa kwa familia ya mlinda amani vina njia zake na fomu zake. Familia isiyopata nishani haijapoteza haki ya mafao, na iliyopata nishani haijaongezewa shilingi kwa sababu hiyo. Nasisitiza kwa sababu wapo matapeli wanaopiga simu wakidai "ada ya kushughulikia nishani ya marehemu". Nishani haiombwi kwa ada. Mwenye shaka aulizie kikosi alichotoka marehemu, au aanzie kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, ambaye ni ofisa wa JWTZ.

Medali za Hammarskjöld kwa kawaida hukabidhiwa New York kwa mwakilishi wa nchi, katika kumbukumbu ya walinda amani ambayo siku yake ni 29 Mei, ndipo zinashuka kwa serikali, jeshi na familia. Mjane kuitwa mwenyewe, kama wa Chitete, ni nadra.

Halafu ile yai ya kioo inafika Bahi, Kongwa au Mpwapwa, na swali linakuwa: ikae kwa nani? Mjane ana miaka ishirini na saba, watoto wawili, na huenda akaolewa tena. Mama mzazi ana chumba kimoja, na picha ya mwanawe amevaa kombati imebandikwa juu ya kitanda. Shangazi anasema ukoo ndio uliomtoa. Kitu hakigawanyiki, na hakiuziki kwa bei ambayo mtu mwenye akili angeitaka. Ninavyoona mimi, kikao cha ukoo kikifanywa mapema, kabla ya arubaini kusahaulika na maneno kuanza, medali yenyewe ishikwe na mjane kwa niaba ya watoto, au na mzazi pale ambapo hakuna mjane wala mtoto. Barua na maelezo yaliyokuja nayo yatolewe nakala, kila upande upate yake: hapo ndipo palipoandikwa alikufa wapi, lini, akiwa na nani. Tena kama kuna mwenzake aliyekuwa naye siku ile na yuko hai, atafutwe, asimulie, iandikwe, iwekwe tarehe na sahihi, hata kama nishani ya kitendo haitakuja kamwe.